VAT inapovuka mpaka: namna ya kuoanisha kanuni za nchi mbili katika biashara moja

Shehena ikivuka mpaka hupita chini ya sheria mbili za Kodi ya Ongezeko la Thamani, na kila sheria ilitungwa na bunge lake bila kuiuliza nyingine. Muuzaji anaandika sifuri kwenye ankara kwa sababu mali inakwenda nje. Forodha ya upande wa pili inatoza kodi kamili kwa sababu mali inaingia. Mambo hayo mawili ni jozi: sifuri ya huku inasimama kwa sababu kodi ipo kule. Jozi ikikamilika, kodi inalipwa mara moja, mahali mali inapotumika. Isipokamilika, inalipwa mara mbili au hailipwi kabisa, na miaka mitatu baadaye mkaguzi anaidai kwa muuzaji ambaye hana tena namna ya kumrudia mteja wake.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao kazi yenyewe inapaswa kufanyika. Wengi huanza kwa kuuliza kiwango ni asilimia ngapi. Hilo ni swali la mwisho. Kwanza ujue umeuza nini, kodi ni ya nchi gani, nani anaipeleka kwa mamlaka, na karatasi gani itathibitisha hayo yote.

Msingi wa mambo

Zaidi ya nchi 170 hutoza VAT au kodi ya aina hiyohiyo iitwayo GST. Marekani haimo kwenye orodha hiyo. Majimbo yake mengi hutoza kodi inayokatwa mara moja tu, mlaji wa mwisho anaponunua. Kwa bidhaa, karibu nchi zote zenye VAT hufuata kanuni moja: kodi ni ya nchi ya matumizi. Mkataba wa GATT, ule wa kimataifa wa biashara na ushuru, unaliruhusu hilo waziwazi, kwani unasema kuiondolea bidhaa inayouzwa nje kodi za ndani si ruzuku, mradi nafuu isizidi kodi yenyewe.

Huduma hazipiti forodha, kwa hiyo ugumu ni mkubwa zaidi. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, ilitayarisha Miongozo ya Kimataifa ya VAT/GST, na Septemba 2016 baraza lake likaipitisha kama pendekezo. Pendekezo halimfungi mtu kama sheria. Tena, kodi ya mapato ina mtandao mpana wa mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili. VAT haina mtandao wa namna hiyo. Nchi mbili zikitofautiana kuhusu muamala wako, hakuna mlango wa pamoja wa kuzigongea zote mbili. Ndiyo maana kazi ya kuoanisha inakuangukia wewe, na inafaa ifanywe kabla mkataba haujatiwa saini.

Hatua ya 1: Chora muamala

Chukua karatasi uchore mistari mitatu: mkataba unatoka kwa nani kwenda kwa nani, mali inatoka wapi kwenda wapi, na fedha inapita njia ipi. Mistari hiyo ikifuatana, kazi ni nyepesi. Isipofuatana, simama hapo.

Mfano wa kawaida ni mnyororo. A anamuuzia B, B anamuuzia C, lakini lori linatoka kwa A moja kwa moja hadi kwa C aliye nchi nyingine. Mauzo ni mawili, safari ni moja. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya EMAG mwaka 2006 kwamba safari moja inaweza kuambatana na uuzaji mmoja tu, na huo pekee ndio unaopata msamaha wa mauzo ya kuvuka mpaka. Uuzaji mwingine ni wa ndani, ama ndani ya nchi mali ilipotoka, ama ndani ya nchi ilipofika. Tangu 1 Januari 2020 Umoja wa Ulaya una kanuni ya kuamua: mtu wa kati akiandaa usafiri mwenyewe, safari inahesabiwa kwenye uuzaji wa A kwenda kwa B, isipokuwa B amempa A namba yake ya VAT ya nchi mali inapoondokea. Akiitoa hiyo, safari inahamia kwenye uuzaji wa B kwenda kwa C. Namba moja iliyoandikwa kwenye barua ya oda inabadilisha nani anatoza kodi. Nje ya Ulaya kanuni zinatofautiana, ila swali ni lilelile: safari ni ya uuzaji upi?

Kisha tenganisha vilivyomo ndani ya bei. Mashine iliyouzwa pamoja na ufungaji, mafunzo na leseni ya programu inaweza kuwa kitu kimoja au vitu vinne. Ndani ya Umoja wa Ulaya, mali inayofungwa na muuzaji hutozwa kodi pale inapofungwa, na hilo linaweza kumlazimu muuzaji kujisajili huko. Mafunzo yanayotolewa mwaka mzima baada ya mashine kusimama ni vigumu kuyaita sehemu ya mashine. Andika kwenye mkataba bei ya kila kipengele kama mlivyokubaliana kweli; bei zinazogawanywa baada ya kazi, ili kodi ipungue, mkaguzi huzitambua haraka.

Hatua ya 2: Jua mteja ni nani na yuko wapi

Kwa bidhaa unafuata safari ya mali. Kwa huduma unamfuata mteja. Miongozo ya OECD, na sheria nyingi zilizoandikwa baada yake, inagawa wateja mafungu mawili.

Mteja akiwa mfanyabiashara, kodi ni ya nchi aliko yeye. Akiwa na matawi nchi kadhaa, uliza tawi lipi litaitumia huduma. Mkataba uliosainiwa makao makuu haujibu swali hilo peke yake. Oda, ankara na anwani ya malipo vinasaidia.

Mteja akiwa mlaji, huduma inayotolewa ana kwa ana mahali fulani, kama kunyoa nywele au chumba cha hoteli, hutozwa pale ilipotolewa. Huduma inayoweza kutolewa kwa mbali, kama programu, filamu za mtandaoni au ushauri kwa simu, Miongozo inaipeleka kwenye nchi ambako mlaji anaishi kwa kawaida, ingawa si kila nchi imeifuata kwa kila huduma.

Kuna huduma zisizofuata mafungu hayo. Inayohusu ardhi au jengo, kama michoro ya msanifu kwa jengo maalum, ni ya nchi ya jengo. Kiingilio cha maonyesho ni cha nchi yanakofanyika. Msanifu anayemuandikia mteja wa nje ankara isiyo na kodi huku jengo liko nchini kwake anarudia kosa linalojulikana sana.

Uthibitisho ukusanywe siku ya mauzo. Kwa mfanyabiashara, chukua namba yake ya kodi na uihakiki. Umoja wa Ulaya una mfumo wa VIES kwa ajili hiyo, na nchi nyingine nyingi zina ukurasa wa kuhakiki namba. Hifadhi jibu likiwa na tarehe, kwa sababu namba iliyo hai leo inaweza kufutwa mwezi ujao. Ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu 2020, namba halali ya mnunuzi kutoka nchi nyingine mwanachama ni sharti lenyewe la kuuza bidhaa bila kodi. Zamani kuikosa kulionekana kama dosari ya makaratasi. Sasa kunakuondolea sifuri.

Kwa mlaji wa huduma za kidijitali, Ulaya inataka vielelezo viwili visivyopingana: anwani ya ankara, anwani ya IP, nchi ya benki, au msimbo wa nchi wa laini ya simu. Muuzaji mdogo wa Ulaya ambaye mauzo yake ya aina hiyo ya kuvuka mpaka hayazidi yuro 100,000 kwa mwaka anaruhusiwa kielelezo kimoja. Panga mfumo wa malipo uvihifadhi vyenyewe. Kuvitafuta baada ya miaka minne ni kazi isiyofanikiwa.

Hatua ya 3: Amua nani anapeleka kodi

Njia ni nne: forodha inatoza mali ikiingia, mnunuzi anajitoza, muuzaji anajisajili nchi ya mteja, au jukwaa la mtandaoni linatoza kwa niaba ya wote. Ukishaipata yako, hakikisha nyingine tatu zimefungwa.

Kujitoza ndiyo njia ya kawaida ya huduma kati ya wafanyabiashara. Muuzaji anatoa ankara isiyo na kodi. Mnunuzi anahesabu kodi kwa kiwango cha nchi yake, anaiandika kwenye ritani kama kodi ya mauzo, kisha kama kodi ya manunuzi, inayopunguzwa kwenye deni lake, kwa kadiri anavyostahili kudai. Huduma ya 20,000 kwa kiwango cha asilimia 20 inazaa 4,000 upande mmoja na 4,000 upande wa pili, fedha haitoki. Lakini mnunuzi akiwa benki, kampuni ya bima au hospitali, ambazo sehemu kubwa ya mauzo yake husamehewa VAT, hadithi inabadilika. Anayestahili kudai asilimia 30 anarudishiwa 1,200 na kubeba 2,800 kama gharama. Wanunuzi wa namna hiyo wanapaswa kuijumlisha kodi kwenye bajeti kabla ya kulinganisha bei ya muuzaji wa nje na wa ndani. Wengi hawafanyi hivyo.

Kosa linaloumiza zaidi ni hili: muuzaji wa nje anatoza VAT ya kwake kimakosa, mnunuzi analipa, kisha anaomba marejesho kwa mamlaka ya nchi ile. Atakataliwa. Kodi iliyotozwa bila kustahili kwa kawaida hairejeshwi kupitia ombi la marejesho. Inarudi kwa muuzaji kusahihisha ankara. Na wakati huohuo nchi ya mnunuzi bado inamtaka ajitoze. Ankara ya namna hiyo irudishwe kabla ya kulipwa.

Kwa walaji, mara nyingi muuzaji ndiye anayejisajili. Ndani ya Umoja wa Ulaya, muuzaji aliye katika nchi moja mwanachama tu ana nafasi ya yuro 10,000 kwa mwaka, kwa mauzo yote ya mbali na ya kidijitali kwenda nchi nyingine wanachama kwa jumla, kabla ya kutoza kodi ya nchi za wateja. Anayetoa huduma za kidijitali kutoka nje ya Umoja hana nafasi hiyo. Anaanza na mauzo ya kwanza. Mfumo wa OSS, uliopanuliwa 1 Julai 2021, unamwezesha kuwasilisha ritani moja katika nchi moja kwa ajili ya zote, ila kila mauzo hutozwa kwa kiwango cha nchi ya mteja, na viwango vya kawaida vinaanzia asilimia 17 Luxembourg hadi 27 Hungary.

Vifurushi vidogo vina mlango wake. Kwa vifurushi visivyozidi yuro 150 vinavyoingia Umoja wa Ulaya, mfumo wa IOSS unaruhusu kodi itozwe wakati wa kununua ili forodha isiitoze tena. Uingereza ina mpaka wa pauni 135 tangu Januari 2021. Australia hutoza GST ya asilimia 10 kwa bidhaa za hadi dola zake 1,000 tangu Julai 2018, na muuzaji anajisajili mauzo yake huko yakifika dola 75,000 kwa mwaka. New Zealand ilifuata Desemba 2019: asilimia 15, bidhaa za hadi dola zake 1,000, usajili kuanzia dola 60,000. Katika nchi zote hizo, mteja akinunua kupitia jukwaa kubwa la mtandaoni, mara nyingi sheria inalihesabu jukwaa kuwa ndilo muuzaji. Soma mkataba wa jukwaa kujua kama limeshatoza. Muuzaji anayetoza juu ya kodi ya jukwaa amemlipisha mteja mara mbili kwa mikono yake.

Kuhusu IOSS kuna mambo mawili madogo yenye madhara makubwa. Namba yake isipofika forodha ndani ya data ya kielektroniki ya kifurushi, mteja anadaiwa kodi mara ya pili mlangoni kwake; kuiandika kwa kalamu kwenye boksi hakusaidii. La pili, namba hiyo ni siri. Mtu mwingine akiitumia, vifurushi vyake vitaonekana kuwa vyako na mamlaka itauliza kwa nini ritani yako ni ndogo.

Hatua ya 4: Masharti ya uuzaji na thamani ya forodha

Incoterms 2020, masharti ya kimataifa ya uuzaji yanayotajwa kwa herufi tatu, ziko 11. Zinagawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi. Haziamui VAT, lakini zinaamua nani atakuwa na karatasi, na kwa hiyo zinaigusa VAT moja kwa moja. Masharti mawili ya pembeni ndiyo yenye mitego.

EXW inampa mnunuzi kazi yote kuanzia mlangoni kwa muuzaji. Mnunuzi anachukua mali na kuondoka, na muuzaji anabaki na ankara ya sifuri isiyo na hati ya kutoka nje. Mnunuzi akiiuza njiani kabla ya mpaka, sifuri imekufa na kodi ni ya muuzaji. Tumia FCA, ambayo inampa muuzaji jukumu la kibali cha kuuza nje.

DDP ni kinyume chake: muuzaji analipa kila kitu hadi mlangoni kwa mnunuzi, pamoja na VAT ya kuingiza. Kama hajasajiliwa nchi hiyo, hana mahali pa kuidai. Mnunuzi naye hawezi kuidai kwa sababu si yeye mwagizaji na hati haina jina lake. Kodi ambayo ingerejeshwa inageuka kuwa hasara tupu. DAP inatatua jambo hili kwa kumfanya mnunuzi mwagizaji. Mnunuzi aking'ang'ania DDP, andikeni waziwazi kuwa bei haijumuishi VAT ya kuingiza na kwamba mnunuzi ndiye atakayetajwa kama mwagizaji.

Hesabu ya kodi ya kuingiza, pale nchi inapotumia thamani pamoja na usafiri na bima:

Bei ya mali: 8,000
Usafiri: 1,500
Bima: 100
Thamani ya forodha: 9,600
Ushuru wa forodha, asilimia 10: 960
Msingi wa VAT: 10,560
VAT, asilimia 20: 2,112

Wanaopiga asilimia 20 ya 8,000 wanapata 1,600 na kupungukiwa 512 mali ikiwa bandarini, gharama za ghala zikiendelea kuhesabu siku. Si nchi zote hujumlisha usafiri wa kimataifa kwenye thamani ya forodha, kwa hiyo hakiki. Vinavyosahaulika zaidi ni mrabaha unaolipwa kando kama sharti la kununua mali, na kalibu au michoro ambayo mnunuzi alimpa mtengenezaji bure: chini ya mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa kukadiria thamani, vyote viwili vinaweza kuongezwa. Kampuni za kundi moja zina tatizo la ziada. Mwisho wa mwaka zikirekebisha bei za kuuziana, thamani iliyotajwa forodha mwaka mzima inaweza kuwa imekosewa. Mhasibu wa kodi ya mapato na mtu wa forodha wakutane kabla ya rekebisho.

Hatua ya 5: Thibitisha sifuri

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hupotea kwa watu waliouza nje kweli.

Kwanza utofautishe kiwango sifuri na msamaha. Mwenye mauzo ya kiwango sifuri anadai kodi yote ya manunuzi yake. Mwenye mauzo yaliyosamehewa kwa kawaida hadai. Kwa bahati mbaya sheria za Ulaya huita mauzo ya nje "yaliyosamehewa yenye haki ya kudai", na tafsiri za haraka zimewapotosha wengi wakaacha fedha yao. Soma haki ya kudai, usitegemee jina.

Jalada la kila shehena liwe na oda au mkataba, ankara, orodha ya vilivyofungashwa, tamko la forodha la kuuza nje lenye uthibitisho kwamba mali imetoka, hati ya usafirishaji, na ushahidi wa malipo. Tamko lililowasilishwa bila uthibitisho wa kutoka linaonyesha nia tu. Uingereza kwa kawaida inatoa miezi mitatu ya kutoa mali na kupata ushahidi. Nchi nyingine zina muda wake. Weka alama kwenye kalenda siku ya ankara, na shehena isiyo na uthibitisho ikikaribia mwisho wa muda, mpigie wakala.

Kati ya nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya hakuna tamko la forodha. Badala yake unakusanya angalau vielelezo viwili visivyopingana, kutoka kwa watu wawili tofauti wasiotegemeana na wasiokutegemea wewe wala mnunuzi, kama hati ya barabara iliyosainiwa na ankara ya msafirishaji. Mnunuzi akisafirisha mwenyewe, akupe pia tamko la maandishi kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata kupita.

Kisha linganisha. Jina la muuzaji nje kwenye tamko ni lako, au wakala ameweka lake? Kilo na idadi ya maboksi ni zilezile kwenye hati tatu? Maelezo ya mali yanatambulika, au ankara inasema "vipuri" na tamko "vifaa mbalimbali"? Shehena moja ikisafiri kwa awamu mbili, je, kila awamu ina uthibitisho wake? Wakala anayechanganya mizigo ya wateja kadhaa kwenye kontena moja akupe kielelezo kinachotaja ankara yako kwa namba. Mwelekeze hivyo kwa barua pepe kabla ya mzigo wa kwanza. Baada ya hapo ni vigumu.

Hatua ya 6: Ankara

Ankara ya kuvuka mpaka inasomwa na mamlaka mbili, hivyo itosheleze zote: namba za kodi za pande zote mbili, tarehe ya mauzo ikitofautiana na ya ankara, maelezo kamili ya mali au huduma, sarafu, na sababu ya kutotoza kodi. Ukiwa unamwachia mnunuzi kujitoza, sema hivyo kwenye ankara yenyewe. Katika hukumu ya Luxury Trust Automobil ya Desemba 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa katika biashara ya pembe tatu, yaani mnyororo wa A, B na C walio nchi tatu tofauti, mtu wa kati aliyeacha maneno hayo hawezi kuyaongeza baadaye ili kuokoa nafuu aliyoitumia.

Kosa la kinyume lina bei pia. Katika sheria ya Ulaya na nyingine nyingi, anayeandika VAT kwenye ankara anadaiwa kodi hiyo, hata kama hakupaswa kuitoza.

Kiwango cha kubadilisha fedha ni chanzo kingine cha tofauti. Forodha ina kiwango chake cha kipindi, vitabu vyako vinatumia cha siku, na ritani ya OSS hutumia kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya cha siku ya mwisho ya kipindi. Mauzo yaleyale yatakuwa na thamani tatu, na zote ni sahihi. Andika ni kiwango kipi kimetumika wapi, mkaguzi asidhani umeficha kitu.

Hatua ya 7: Funga mwezi

Kabla ya kuwasilisha ritani, andaa jedwali: mauzo yote ya kiwango sifuri kwa namba ya ankara, na mkabala na kila moja tamko la forodha au namba ya mteja iliyohakikiwa. Mstari usio na jozi unafuatiliwa siku hiyohiyo. Kwa manunuzi, linganisha hati za kuingiza zilizo kwenye rekodi za forodha na zile ulizodai. Ukikuta hati yenye jina lako kwa mzigo usioujua, ripoti mara moja.

Mali iliyorudishwa na mteja isiingie kimyakimya. Bila ombi la nafuu ya mali inayorejea italipiwa VAT kama mali mpya. Umoja wa Ulaya unatoa nafuu hiyo ndani ya miaka mitatu, kwa mali iliyorudi ikiwa katika hali ileile iliyotoka nayo. Namba za utambulisho kwenye tamko la kwanza ndizo zitakazoonyesha kuwa ni mali ileile, kwa hiyo ziandikwe wakati wa kutoka.

Kulinganisha huku kunazidi kufanywa na mamlaka zenyewe. Umoja wa Ulaya ulipitisha Machi 2025 mabadiliko ambayo kuanzia 1 Julai 2030 yatataka ankara za kielektroniki na taarifa za kila muamala kwa mauzo ya wafanyabiashara kati ya nchi wanachama. Mfumo utaona mstari usio na jozi kabla yako.

Hatua ya 8: Dai kodi uliyolipa ugenini

Gharama za maonyesho, hoteli au mafuta katika nchi usikosajiliwa mara nyingi hudaiwa. Mfanyabiashara wa nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya anawasilisha kwa njia ya mtandao nchini kwake, kabla ya 30 Septemba ya mwaka unaofuata kupita. Ombi la mwaka mzima lisipungue yuro 50, la kipindi cha miezi mitatu au zaidi kisichofika mwaka yuro 400. Aliye nje ya Umoja anaomba nchi kwa nchi, kwa nchi nyingi hadi 30 Juni, na nchi inaweza kumkataa kama nchi yake haitoi nafuu ya aina hiyo kwa wageni. Angalia sharti hilo kabla ya kukusanya risiti.

Tahadhari kuhusu mnyororo usiofaa

Sifuri ya kuvuka mpaka ndiyo inayotumiwa na wezi wa kodi. Kampuni inanunua bila kodi kutoka nchi nyingine, inauza ndani ikitoza kodi, kisha inatoweka nayo. Mali inauzwa nje tena na kuzunguka. Simu na vipuri vya kompyuta, vidogo na vya bei kubwa, vimetumika sana. Katika kesi ya Kittel ya 2006, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mnunuzi aliyejua, au aliyepaswa kujua, kuwa ununuzi wake umo kwenye wizi huo anapoteza haki ya kudai. Muuzaji mpya mwenye mtaji mdogo na mali nyingi, bei chini ya mtengenezaji, ombi la kulipa kwa mtu wa tatu, mali isiyoondoka ghala moja huku ikiuzwa mara nne: ukiona mawili kati ya hayo, simamisha ununuzi na uandike ulichochunguza.

Nchi mbili zinapotofautiana

Kabla ya mkataba mkubwa, omba uamuzi wa awali kwa mamlaka zote mbili, ukieleza ukweli uleule kwa maneno yaleyale. Maombi yenye maelezo tofauti hayatakulinda popote.

Ukigundua umelipa nchi isiyo yake, angalia kwanza ukomo wa muda wa kudai katika nchi uliyolipa, kwa sababu huo ndio unaokimbia. Wasilisha dai huko hata kabla mabishano hayajaisha, hata kama ni la kulinda haki tu. Kisha jitaje mwenyewe kwa nchi inayostahili, kwani riba na adhabu huwa nyepesi kwa anayejitokeza kuliko kwa anayekamatwa. Sahihisha ankara kwa hati ya marekebisho yenye namba ya ankara ya awali, mpelekee mteja, na upate uthibitisho kuwa naye amerekebisha madai yake. Bila hilo nchi ya kwanza itasema kodi tayari ilishadaiwa na mteja na haitakurudishia. Mawasiliano yote yaingie kwenye jalada la shehena husika, lihifadhiwe kwa muda wa nchi yenye ukomo mrefu zaidi. Kwa mauzo yaliyopita OSS, muda huo ni miaka 10 kuanzia mwisho wa mwaka wa muamala.